Msalaba wa Chuma au Beji ya Majeruhi: ninunue kipi kwanza?

Mgeni_Leipzig
Salaam, ndugu zangu. Ninaishi Ujerumani, na kwa muda mrefu nimetamani kuanza kukusanya nishani na beji za kijeshi za wakati wa vita. Muuzaji mmoja wa vitu vya kale ameniwekea vitu viwili hadi Jumamosi: Msalaba wa Chuma wa daraja la pili, nishani ya Kijerumani ya ushujaa, kwa euro 90, na Beji ya Majeruhi ya rangi nyeusi kwa euro 35. Nimetenga euro 100 tu. Naomba ushauri wenu.

Sumaku_Mfukoni
Ndugu, kwa maelezo hayo hakuna anayeweza kukushauri. Ni vita vipi? Msalaba una mwaka gani kwenye mkono wa chini: 1914 au 1939? Je, katikati kuna herufi W (ya mfalme Wilhelm), swastika (alama ya Wanazi), au majani ya mwaloni? Ukikuta majani ya mwaloni upande ule ule wenye mwaka 1939, huo si wa wakati wa vita, bali umetengenezwa kufuatana na sheria ya 1957 iliyoruhusu nishani za zamani zivaliwe bila swastika. Tueleze pia upande wa nyuma, alama ya mtengenezaji iliyo kwenye pete ya kuning'inizia, na kama utepe upo.

Bi_Shangazi
Mimi ningechukua Beji ya Majeruhi bila kusita. Ilianzishwa tarehe 3 Machi 1918, na rangi yake inakusimulia jambo: nyeusi kwa aliyejeruhiwa mara moja au mbili, ya fedha kwa mara tatu au nne, na ya dhahabu kwa mara tano au zaidi. Misalaba ya 1914 ya daraja la pili inakadiriwa kuwa takriban milioni 5, kwa hiyo ukiikosa leo utaipata kesho. Hakikisha tu kwamba kofia ya chuma iliyo katikati ya beji haina swastika, kwa sababu ikiwa nayo, ni beji ya Vita vya Pili vya Dunia.

Mgeni_Leipzig
Niwieni radhi. Msalaba una taji juu, W katikati na 1914 chini. Nyuma kuna herufi FW (za mfalme Friedrich Wilhelm), majani matatu ya mwaloni na mwaka 1813. Pete ina herufi ndogo ambazo sikuweza kuzisoma, na utepe haupo. Beji ni ya bati jepesi, nyuma yake ni tupu, na kofia haina alama yoyote.

Sumaku_Mfukoni
Sasa tunaweza kuzungumza. Maelezo ya msalaba yanalingana na ule uliofufuliwa na Kaiser Wilhelm II mnamo Agosti 1914, na 1813 ni mwaka ulipoanzishwa mara ya kwanza huko Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani. Msalaba halisi kwa kawaida una vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na nusu mbili za fremu ya fedha zilizolehemiwa kukizunguka. Chukua kioo cha kukuzia uutafute mshono kwenye ukingo wa nje. Ukiona kitu kizima kimesubiwa kwa mkupuo mmoja kisha fremu ikapakwa rangi, uache. Sumaku nayo ikishika kiini, ni dalili njema.

Mjukuu_wa_Askari
Dalili tu, si ushahidi, kwa sababu vipo viini halisi visivyovutwa na sumaku, na bandia nyingi za siku hizi zina kiini cha chuma. Nasema hivyo kwa uchungu. Babu wa mama yangu alikuwa askari katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, na mama alikua akisimuliwa habari za mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Miaka michache iliyopita niliona kwa muuzaji wa mtandaoni ile beji ya kikoloni yenye tembo, nikaamua kumnunulia mama iwe kumbukumbu. Picha zilionyesha upande wa mbele pekee, nami sikuomba upande wa nyuma, kwa kuwa nilihofia mtu mwingine angeniwahi. Ilipofika, pini ilikuwa imebandikwa kwa gundi, mkonga wa tembo ulikuwa na vitundu vya hewa kama mkate, na kutu yote ilitoka kwa kitambaa chenye maji. Muuzaji hakujibu tena. Mama bado anaihifadhi kwenye kasha lake, na sijapata moyo wa kumwambia.

Bi_Shangazi
Pole sana, mwanangu. Hata hivyo, hata ile halisi isingekuwa ya wakati wa vita, maana beji ya tembo ilianzishwa baada ya vita kwa waliotumikia katika makoloni.

Mjukuu_wa_Askari
Ni kweli, shangazi, lakini kwetu haikuwa suala la mwaka. Vitu alivyoviacha babu havipo, na tembo yule ndiye aliyekuwa karibu zaidi na nyumbani.

Darubini
Turudi kwa mgeni wetu. Kwanza, msalaba usio na utepe usiuongezee utepe wowote unaoupata. Aliyepigana alipewa mweusi wenye mistari myeupe pembeni, na asiyepigana alipewa mweupe wenye mistari myeusi. Pili, usiisugue fedha kwa dawa ya kung'arishia, kwa sababu weusi ule wa miaka ndio unaomsaidia mkaguzi. Tatu, ukihamia vita vya pili, kumbuka kwamba sheria ya Ujerumani inakataza kuonyesha swastika hadharani, na ndiyo sababu wauzaji huifunika kwa kibandiko. Kibandiko hicho huficha pia kasoro.

Sumaku_Mfukoni
Bado nasema msalaba, mradi herufi za kwenye pete zisomeke.

Bi_Shangazi
Nami bado nasema beji. Euro 65 zinazobaki zinatosha kioo kizuri cha kukuzia.

Mgeni_Leipzig
Nawashukuru nyote. Nitakwenda kesho nikiwa na sumaku na kioo, nimwombe muuzaji anipe nafasi ya kupiga picha za ukingo, za pete na za pini. Nitaziweka hapa kabla ya Jumamosi. Mjukuu, tafadhali weka nawe picha ya nyuma ya tembo wako, nijue vitundu hivyo vinafananaje.