Hivi katika nguo tunazovaa leo, wajukuu watacheka ipi?

Futi Kamba (mtoa mada)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Tandika huu mwaka wa 19, kwa hiyo mtanisamehe nikizungumza kwa inchi.

Juzi Jumapili binti yangu wa kidato cha pili alikuwa anatafuta cheti chake cha kuzaliwa kwenye sanduku la bati la marehemu baba. Cheti hakukipata, akatoka na picha. Baba kasimama studio, nyuma yake pazia lililochorwa ndege ya abiria, na mgongoni mwa picha pameandikwa kwa wino 1974. Kavaa bugaluu, suruali iliyopanuka chini. Tena siyo ya kubahatisha, ni ile ambayo ukisimama viatu havionekani, na najua chini yake kuna raizoni, viatu vya soli nene, maana baba hakuwa mrefu kiasi kile. Ukosi wa shati umelala mabegani kama masikio ya mbuzi. Nywele kazitimua, kitana kakichomeka humo humo.

Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, babu alikuwa anapiga muziki?" Nikamwambia babu yako alikuwa karani bandarini, na hiyo ndiyo nguo aliyovaa siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina bibi yako. Akaanza kucheka upya.

Nikarudi kibandani nimenuna kidogo. Mezani kulikuwa na blauzi ya kitenge ya mteja, ya kuendea sendofu, ile ya mikono ya puto. Mkono mmoja umekula karibu mita nzima, na ndani nimebandika kitambaa kigumu kwa pasi ili usinywee. Ukiuachia mezani unakaa wenyewe kama kuku anayeatamia. Mwenyewe alipokuja aliivaa palepale, akaita bajaji, akaingia kwa ubavu, mkono mmoja ukabaki nje. Dereva akamuuliza kama na mwenzake anapanda.

Nikasema moyoni, na huyu leo atapigwa picha.

Kura yangu lakini siipi mikono ya puto. Naipa suti ya bwana harusi ya kubana, hii ambayo suruali inaishia juu ya kifundo na soksi hakuna. Nimezishona nyingi na hela nimekula, sikatai. Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea picha kwenye simu, akasema fundi, nataka ikae kama ngozi. Nikampima. Paja la mcheza mpira lile, inchi 25. Nikamwambia nikuachie inchi 2 za kupumulia. Akakataa. Nikasema basi hata 1. Akaniambia fundi, wewe umezoea suruali za wazee. Nikanyamaza, nikakata.

Siku ya ndoa, kanisani, wakaambiwa wapige magoti. Waliokaa benchi la tatu wanasema ule mlio ulikuwa kama wa muuza kanga anapochana doti. Tangu hapo msimamizi wake alitembea nyuma yake hatua kwa hatua, watu wakadhani ni heshima. Saa nane mchana nikapigiwa simu. Nilipanda bodaboda na sindano na uzi mweusi kwenye mfuko wa shati, nikamshona chooni ukumbini akiwa ameivaa hivyo hivyo, maana kuivua ilikuwa kazi ya watu wawili. Kwenye albamu yao hakuna picha hata moja ambayo bwana harusi kaipa kamera mgongo.

Kipimo changu ni kimoja tu: ukiivaa, unaweza kuchuchumaa? Baba kwenye bugaluu lake angechuchumaa na nafasi ingebaki.

Haya, na nyinyi semeni. Ila msinitajie za majirani. Nataka za kabatini mwenu.

Mama Sare

Fundi umenigusa. Nimekwenda kuhesabu kabla ya kuandika: ninazo sare 11. Kicheni pati, sendofu, harusi, na moja ya arobaini ya mtoto. Kila moja kamati ilikaa, ikachagua rangi, ikatuma picha kwenye grupu, na ole wako useme mwezi huu sina. Kitambaa elfu arobaini, fundi elfu ishirini na tano, unaivaa siku moja. Huwezi kuirudia kwenye shughuli nyingine kwa sababu watu wale wale watakuwepo, na wana macho.

Ninacho kijani cha jani la mgomba, ninayo ugoro, na damu ya mzee ninazo tatu za misimu tofauti. Wajukuu wakiona picha, akina mama hamsini tumejipanga ngazini tumevaa kitambaa kimoja, watauliza tulikuwa tumefungwa gereza gani.

Na hiyo damu ya mzee ndiyo iliyoniponza. Ukumbi ulikuwa na shughuli mbili, juu na chini. Nimefika nimechelewa, nawaona akina mama wa damu ya mzee wanaingia wakiwa na matarumbeta, nikajiunga. Nimepiga vigelegele, nimecheza mpaka mbele, nimemtunza bi harusi vitenge viwili, nimekula pilau. Nakaa sasa, namtazama vizuri yule binti. Simjui! Shughuli yetu ilikuwa juu.

Vitenge sikuvidai. Ningeanzia wapi?

mtu_wa_Mabibo

Jinzi za kuchanika. Nimemaliza.

Futi Kamba

@mtu_wa_Mabibo hizo siwezi kuzisema vibaya, zinanilisha. Kuchana goti elfu mbili, kutia kiraka elfu moja. Kuna mteja alinilipa kwa yote mawili, suruali ile ile, baada ya kusafiri nayo kwenda kwao Njombe mwezi wa saba.

@Mama Sare pole dada. Hayo matatu ya damu ya mzee moja nahisi nimelishona mimi.

Mzee wa Ng'ambo

Mwanangu Futi Kamba, nimesoma na nimecheka, lakini kuna jambo nikuweke sawa. Unaisema bugaluu kama vile ilikuwa nguo ya kila mtu na salama. Haikuwa.

Mimi mwanzo wa 1969 nilikuwa Dar es Salaam, kijana wa miaka 20. Ndipo TANU Youth League walipoanzisha Operesheni Vijana. Vilivyopigwa vita vilikuwa sketi fupi, mawigi, mafuta ya kujichubua, na suruali za kubana. Za kubana, umesikia? Kwa hiyo yule bwana harusi wako asingefika kanisani, angeshushwa kwenye basi. Mimi nilikuwa nayo moja, nikampa fundi aipanue, akaniambia kitambaa cha kupanulia hakimo. Nikaigeuza pensi.

Kisha ikaingia bugaluu. Mimi nimesharudi kwetu Unguja, na huku nayo ikapigwa marufuku. Ya kubana haifai, ya kupwaya haifai! Sahibu yangu mmoja alikuwa akiikunja miguu kwa ndani na kuibana kwa pini, anapita barabarani kama mwalimu wa skuli. Akifika kwenye dansa anachomoa pini, suruali inafunguka kama mwavuli. Usiku mmoja alisahau pini moja, akacheza mguu mmoja bugaluu na mmoja wa mwalimu, na watu wawili watatu wakafikiri ndio mtindo mpya.

Marehemu baba yako mpe heshima yake. Na huyo bintiyo, hebu muulize siku aliyokuwa akimcheka babu yake, yeye mwenyewe alikuwa kavaa nini.

Futi Kamba

Shikamoo mzee. Umenikamata.

Nimekwenda kumuuliza. Alikuwa kavaa bwanga. Kwa msio na mabinti, bwanga ndiyo hiyo suruali pana wanayovaa sasa hivi, inafagia mpaka vumbi la mlangoni. Nimeichukua kwenye kamba ya nguo nikaipima chini: inchi 14. Ya babu yake, kwa jicho la kifundi, haizidi 13. Nimemwekea picha na bwanga kitandani, nikamwita. Kaangalia hii, kaangalia ile, akasema, "Lakini ya kwangu ina mifuko, baba."

Nduthi 254

Salamu kutoka Nairobi. Mimi niko kwenye steji ya nduthi, bodaboda zenu, Kawangware na nitajitaja mwenyewe kama fundi alivyosema.

Ninavaa koti la kike. Nililinunua soko la mitumba la Gikomba shilingi 350, jeusi, zito, lina manyoya kwenye ukosi na mkanda kiunoni. Lilishonewa mama fulani wa Ulaya atembee nalo kwenye theluji. Mimi nalivaa kinyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani, kwa sababu upepo wa saa kumi na moja alfajiri unapita katikati ya vifungo kama hauvioni. Shida ni kwamba vifungo vikiwa nyuma hujifungi mwenyewe. Mteja wa kwanza wa siku ndiye hunifunga. Nimewahi kufungwa na mchungaji, na kuna siku afisa wa polisi alinifunga vyote saba, akamaliza, kisha akaniuliza leseni.

Stejini tuko zaidi ya ishirini, na kama kumi tuna makoti ya hivyo. Mmoja ana la rangi ya waridi. Hakuna anayemcheka, ni baridi. Lakini najua mjukuu wangu akiona ile picha tuliyopiga wakati wa Krismasi ataomba aelezwe taratibu.

Suti za Kaunda nazo msizisahau, zile za koti na suruali za kitambaa kimoja, bila tai. Zilikuwa nguo za baba zetu, zikalala, halafu Rais Ruto akaanza kuzivaa na kila mtu mwenye tumbo akashonewa. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula akazipiga marufuku bungeni. Shemeji yangu ni fundi, siku hiyo alikuwa amezikata tatu mezani. Wateja wake hata si wabunge, ni watu wa kuuza viazi, lakini wawili walimpigia simu kuuliza kama sasa watashikwa.

Sindano ya Dodoma

Fundi mwenzangu, umesahau balaa kubwa kuliko yote: kitenge chenye sura ya mtu.

Kipindi cha kampeni nilishona mpaka vidole vikaota sugu. Kitambaa kina uso wa mgombea ndani ya duara, duara moja kila baada ya nusu mita hivi, na mteja anataka gauni la kubana. Sasa nikupe kazi. Ukiweka uso kifuani, ukibana kiuno pua inakunjika. Ukiweka mgongoni, zipu inampasua katikati ya macho. Ukishusha chini, duara linaangukia pale pa kukalia. Kata kwa akili, kitambaa hakitoshi, maana wanapewa mita mbili na kila mmoja anataka na kilemba.

Mama mmoja aliniletea mita mbili pungufu, mwili wa mita tatu. Nilihangaika nusu siku na chaki. Nikamwambia mama, hapa lazima duara moja liende nyuma, chini. Akasema weka tu, nitavaa na mtandio kiunoni. Mkutanoni jua likawaka, akavua mtandio akajifunika kichwa. Alipoinuka kushangilia, mratibu wa msafara aliyesimama nyuma yake akamwomba kwa upole sana aketi. Aliposhakaa, akaona hapo ndipo mambo yameharibika zaidi, akamwomba asimame tena.

Alirudi kwangu kesho yake kudai hela yake. Sikumrudishia, ila nilimtia mfuko mkubwa juu ya lile duara, wa kuwekea simu.

Mama Sare

Dada wa Dodoma nimecheka mpaka mume wangu kaja kuchungulia.

Futi Kamba

Wakuu nashukuru, nimecheka na kazi imelala. Taarifa fupi: binti kabadilisha maneno. Jana usiku kaniletea ile picha mwenyewe, anataka nimshonee suruali kama ya babu, hasa pale juu ilivyobana nyonga na mkanda mpana. Nimemwambia kwa mkato ule inatakiwa mita moja na nusu, na kwa siku hizi kitambaa kizito cha kudondoka vizuri ni hela nyingi. Rangi kachagua mwenyewe, damu ya mzee.

@Mama Sare, katika yale matatu hakuna lililobaki kitambaa? Nitalipia na nauli ya boda.

Mama Sare

Ninacho kipande cha mita mbili hakijakatwa, ila pembeni kina doa la pilau ya watu nisiowajua. Unaweza kulikwepa?

Futi Kamba

Nitaliweka kwenye pindo. Kwa inchi 14 halionekani.