Wajenzi wa tovuti, mandhari meusi mnayaharibu nyinyi, msisingizie vivinjari!

Wakuu, hili sasa limezidi. Mtu kaweka simu kwenye mandhari meusi, kivinjari nacho vilevile, saa sita usiku anafungua ukurasa na kupigwa mwanga mweupe usoni kama tochi. Akilalamika anaambiwa kivinjari chake kibovu. Uongo! Kivinjari kimeshaijulisha tovuti kupitia prefers-color-scheme (ishara ambayo msimbo wa tovuti unaweza kuisoma) kwamba mtumiaji anataka giza. Tovuti ndiyo imeziba masikio.

Zinazosikia nazo zinaboronga. Mjenzi anaandika color: #000 (herufi nyeusi) kwenye fomu, rangi ya nyuma haigusi, anaamini itakuwa nyeupe daima. Akiongeza color-scheme: dark, kivinjari kinavipaka visanduku vya kujazia rangi ya giza. Matokeo yake unaandika jina lako, nyeusi juu ya giza, herufi karibu huzioni! Ukigusa color, gusa na background-color (rangi ya nyuma) palepale.

Kuna na ule mmweko mweupe kabla giza halijaingia. Unatokea kwa sababu skripti inayosoma chaguo la mtumiaji imetupwa mwisho wa ukurasa, na kivinjari kimeshachora weupe. Ipandishe kwenye head (sehemu ya mwanzo ya msimbo wa ukurasa), na juu yake weka <meta name="color-scheme" content="light dark">. Ni mstari mmoja tu, jamani. Halafu wapo wanaopitisha filter: invert(1), yaani kugeuza kila rangi kinyume, ukurasa mzima, sura za watu zinageuka kama negativu za picha za zamani. Huo ni uvivu.

Kwa watumiaji: Chrome ya Android, ingia Mipangilio, Mandhari, chagua Meusi, kisha tia tiki kisanduku kilicho chini yake cha kutia giza tovuti. Kwenye kompyuta andika chrome://flags/#enable-force-dark, iwashe, anzisha kivinjari upya. Njia hiyo ya kulazimisha giza hubahatisha rangi, kwa hiyo nembo zenye herufi nyeusi zinaweza kumezwa. Firefox ikikataa ingawa umechagua giza, andika about:config kwenye sehemu ya anwani (ni ukurasa wa mipangilio ya ndani) utazame privacy.resistFingerprinting, kinga ya kuzuia tovuti zisikutambue. Ikiwa true (imewashwa), kila tovuti inaambiwa unataka weupe, hata ufanyeje.

Mwenye tovuti inayomwaga weupe aweke hapa CSS yake (msimbo wa mwonekano), tumwonyeshe mstari uliokosekana.