Mjadala: Walter Tull apewe Military Cross zaidi ya miaka 100 baada ya kufa?

Mtoa mada: Wadau, mwaka 2018 wabunge zaidi ya 120 wa Uingereza, wakiongozwa na David Lammy, walimwandikia Theresa May, waziri mkuu wa wakati huo, wakitaka Tull, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyeuawa Vita Kuu ya Kwanza, apewe Military Cross, nishani ya ushujaa. Kwa wasiomjua: alizaliwa Folkestone 1888, baba seremala kutoka Barbados, mama Mwingereza wa Kent. Akabaki yatima, akalelewa kituo cha yatima Bethnal Green, London. Alichezea klabu ya soka ya Tottenham kuanzia 1909, kisha Northampton Town mechi zaidi ya 100. Desemba 1914 aliingia batalioni ya wanasoka ya rejimenti ya Middlesex. Mei 1917 akawa luteni usu, wakati kanuni zilitaka ofisa awe wa asili ya Ulaya tupu. Aliuawa Favreuil, Ufaransa, 25 Machi 1918. Ofisa mwenzake alimwandikia Edward, kaka wa Tull, kwamba Tull alikuwa amependekezwa kupewa Military Cross. Hakupewa.

Mchangiaji 1: Napinga. Barua ya rambirambi si pendekezo. Kwa utaratibu wa wakati ule, mkuu wa batalioni ndiye aliyejaza fomu ya kupendekeza nishani, W3121, ikapanda brigedi, divisheni, kori, hadi makao makuu, na ngazi yoyote ingeweza kuikata. Fomu ya Tull haijaonekana. Tukimpa kwa barua, wangapi watajipanga nyuma yake? Marehemu gani hakusifiwa kwenye barua za namna hiyo?

Mchangiaji 2: Mkuu, mapendekezo mengi ya vita ile hayakuhifadhiwa. Unadai karatasi ambayo hata waliopewa nishani wengi hawana. Tazama tendo lenyewe. Januari 1918, Italia, aliongoza watu 26 kuvuka mto Piave usiku, wakawakinga wenzao waliovamia ngome za adui, akawarudisha wote chini ya risasi bila kupoteza hata mmoja. Meja Jenerali Lawford, mkuu wa Divisheni ya 41, alimsifu kwa maandishi: ushujaa na utulivu. Hizo si tetesi za kambini. Machi divisheni ikahamishiwa Ufaransa, tarehe 21 Wajerumani wakaanza mashambulizi yao makubwa, na siku nne baadaye Tull akapigwa risasi. Askari wake mmoja, Tom Billingham, aliyekuwa kipa, alijaribu kuuvuta mwili akashindwa. Katika vurugu ile, fomu kupotea ni ajabu gani?

Mchangiaji 3: Kigingi kiko kwingine. Hadi 1979 Military Cross haikutolewa kwa marehemu. Tena kwa kawaida serikali haipokei maombi ya tukio lililopita miaka 5.

Mchangiaji 2: Aliyependekezwa angali hai ni suala jingine. Na mwaka 2006 bunge liliwasamehe askari zaidi ya 300 wa vita ile waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama utoro. Wakitaka, wanarudi nyuma.

Mchangiaji 1: Ule msamaha ulitolewa kwa mkupuo, bila kupima kesi moja moja. Nishani hupimwa kwa tendo la mtu mmoja.

Mchangiaji 4: Tull angalau jina lake limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Arras, Ufaransa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Wapagazi wetu wamo humo. Wabunge wangeanzia hapo.

Mtoa mada: Hayo hayagombani, mkuu, majina yatafutwe na nishani idaiwe. Ila Mchangiaji 3 ametuonyesha pa kujihadhari. Ombi lisimame kwenye Piave na maneno ya Lawford tu. Favreuil isiingizwe, maana hapo ndipo wizara itapata mwanya wa kujibu kwamba marehemu hapewi.