SMS Königsberg kwa 3D, saizi yake halisi: Blender au Rhino?

Kombo_Omo: Wakuu habari za humu. Nataka kuijenga ile manowari ya Mjerumani iliyoishia Rufiji, SMS Königsberg, nzima nzima kwenye kompyuta, mita kwa mita, urefu 115.3. Kati ya programu za kuchora 3D, Blender ni ya bure, Rhino ya kulipia ila nasikia kwa umbo la meli ndo yenyewe. Ofa inaisha wiki hii, ninunue?

Mataruma: Hujasema kompyuta yako ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB ngapi, hujasema ni ya kutazama tu au watu waingie ndani watembee kwa VR, ile miwani ya uhalisia pepe. Na ya lini? Ilivyoanza kazi 1907 au ilivyojificha deltani 1915?

dada_pwani: Blender. Mzinga mmoja ukiutengeneza vizuri unaunakili mara 10, silaha umemaliza. Mmoja wa sm 10.5 upo Fort Jesus Mombasa, upige picha pande zote programu ikutolee umbo. Kitako cha melini tu ndo utafute kwingine, maana mizinga ilipong'olewa ilitengenezewa magari ya magurudumu Dar, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku, akaitumia nchi kavu.

Nahodha_wa_zamani: Ganda fanya Rhino, mikunjo ya omo na tezi (mbele na nyuma ya meli) inatoka laini bila kuhangaika. Ila mdogo wangu programu sio shida, shida ni ramani. Mimi niliuziwa ramani mtandaoni imeandikwa Königsberg kabisa, nikapanga mataruma yote (mbavu za meli), sitaha, dohani tatu (bomba za moshi), halafu nikaweka picha ya zamani nyuma yake, dohani hazikai! Kupima urefu inazidi mita na ushee. Kumbe ni ya meli dada, za aina moja nayo, zile Nürnberg, Stuttgart na Stettin zilikuwa ndefu kidogo. Muuzaji nikamwandikia, kimya mpaka leo. Kazi yote ikaanza upya kwenye mkuku, uti wa chini wa meli.

Bwejuu: Hapo Rufiji Mwingereza aliipiga vibaya, kisasi cha Pegasus, manowari yake ambayo Königsberg iliizamisha Zanzibar Septemba 1914.

Mataruma: Severn na Mersey, manowari za Mwingereza, ziliiharibu tarehe 11/7/1915 kweli, lakini aliyeamuru ilipuliwe ni Looff mwenyewe, nahodha wa Königsberg.

Bwejuu: Ilikuwa inawaka moto mkuu, angefanyaje? Ushindi ni wa Mwingereza.

Kombo_Omo: RAM 8. Nataka ya 1914, siku ya Pegasus.

dada_pwani: 8 na unataka VR?

Mataruma: Hajasema VR bado. Bwejuu, na mizinga Wajerumani waliyoondoka nayo je?