Faili la DNA la mtu wa Tanga: nilinganisheje na mifupa ya Mtwapa na Kilwa?

Bi_Chumbageni
Habari zenu wakuu. Nina faili ghafi la mtu wa Tanga mjini (ameridhia), alama (sehemu za DNA zilizosomwa) kama 600,000, kipimo cha mate. Kampuni inampa asilimia kadhaa za Uajemi na Arabuni. Nataka kumlinganisha na watu wa kale wa mwambao waliochapishwa 2023. Nikichora PCA (grafu inayoweka karibu watu wenye DNA inayofanana), wa kale wote wanarundikana katikati ya grafu. Tatizo nini?

Ngamiani_07
Dada, hapo mihimili ya grafu imejengwa kwa wa kale na wa leo kwa pamoja. Sampuli ya kale ina mapengo mengi (alama zisizosomeka), na mwenye mapengo huvutwa katikati. Kwenye smartpca (programu ya kuchora PCA) jenga mihimili kwa watu wa leo tu (poplistname), halafu waangushie wa kale juu yake: lsqproject: YES, na shrinkmode: YES. Aliyebakiwa na alama chini ya 20,000 hivi mwache nje.

Kabla ya kuunganisha na hifadhidata ya Allen (mkusanyo wa DNA za watu wa kale na wa leo), hakikisha faili linatumia build 37 (toleo la ramani ya jenomu), ligeuze kwa programu ya plink, amri --23file, kisha toa alama zote za A/T na C/G, kwa sababu huwezi kujua zimesomwa kwenye uzi upi kati ya nyuzi mbili za DNA. Zitakazobaki ni pungufu sana ya 600,000. Na wa kale wamesomwa herufi moja tu kila mahali badala ya mbili (ya baba na ya mama), kwa hiyo usiwapime kwa kipimo cha wazazi kuwa ndugu. Wote wataonekana hivyo.

Kaole_Mjini
PCA ni picha tu. Asilimia zitafute kwa qpAdm (programu inayokadiria mchango wa kila chanzo cha asili), na hapo ndipo wengi wanapopotea: chanzo cha Kiafrika. Watu wa kale wa Mtwapa, Manda na Faza (pwani ya Kenya) upande wao wa Kiafrika unafanana na watu wa Makwasinyi, bara ya Kenya, ambao wana damu ya wafugaji wa kale. Kilwa upande huo ni Kibantu bila wafugaji hao. Sasa, mfugaji wa Luxmanda (Tanzania bara), miaka 3,100 hivi iliyopita, tayari ana kama 38% ya asili inayohusiana na Mashariki ya Kati. Ukimwekea mtu wa Tanga chanzo cha Kibantu peke yake, ile sehemu ya Mashariki ya Kati iliyotoka kwa wafugaji itaandikwa kwa Waajemi. Tanga iko kati ya pande hizo mbili, basi jaribu vyanzo vyote viwili. Modeli ikubalike kama p (kipimo cha jinsi modeli inavyoendana na data) imezidi 0.05 na makosa ya makadirio ni madogo. 6% yenye kosa la 4% haijathibitisha kitu.

Ngamiani_07
Naongeza: watu wa kale walichanganyika kufikia mwaka 1000 hivi, sehemu ya Kiasia ikitoka zaidi kwa wanaume wa Kiajemi, na baada ya 1500 asili ya Kiarabu ikaongezeka. Mtu wa leo anaweza kuwa amebeba tabaka zote hizo, pamoja na watu wa bara walioletwa pwani karne ya 19 kwa njia za Pangani na Bagamoyo. Kwenye qpAdm jaribu chanzo cha Iran na cha Arabuni, kila kimoja peke yake kwanza. Modeli zote mbili zikikubalika, alama zako hazitoshi kuzitenganisha, usichague unayoipenda.

Kaole_Mjini
Na usiite matokeo "asili ya Watanga". Ni mtu mmoja, na utafiti ule haukuwa na mifupa ya Tongoni (karibu na Tanga) wala Kaole (karibu na Bagamoyo).