Kikundi: Ukoo wa Bibi Mwanaidi

18:04 Shangazi Zuhura: Asalaam aleikum. Hamisi kakanyaga msumari wa kutu bandani kwa mbuzi tangu juzi, hajachomwa sindano. Nani ana gari kesho asubuhi?

18:31 Shangazi Zuhura: Mnasoma mnanyamaza.

18:40 Hamisi: Shangazi niko poa, nimepaka mafuta ya taa

18:41 Shangazi Zuhura: Mafuta ya taa ni ya koroboi! Tundu likijifunga juu, ndani hakuna hewa, ndipo vijidudu vya pepopunda vinapostawi.

18:47 Mjomba Salimu: Mpeni kikali kidogo damu ichangamke 😂

18:50 Athumani: Mjomba umechelewa kuzaliwa. Karne ya 18 John Brown wa Edinburgh alifundisha kwamba mtu huzaliwa na akiba ya uhai, mwili ukilegea uchochewe kwa pombe na afyuni. Benjamin Rush wa Philadelphia naye akasema pepopunda ni udhaifu, akawapa wagonjwa divai na gome la mkwinini

18:51 Mjomba Salimu: Huyo Rush ndiye daktari wangu 😂😂

18:52 Mama Faraji: 🤣🤣

18:53 Shangazi Zuhura: Athumani usimpe kichwa. Walipona?

18:56 Athumani: Wapi! Uhai haukupungua, ni sumu. Kitasato, Mjapani aliyekuwa Berlin, alikitenga kijidudu chenyewe 1889. Sumu yake inakata breki za neva, msuli ukikaza haulegei

18:58 Mjomba Salimu: Breki kama za bajaji ya Faraji

18:59 Mama Faraji: Salimu, ya bajaji tuliyamaliza Idi. Hela ulirudishiwa.

18:59 Mjomba Salimu: Nusu.

19:00 Mama Faraji: Nusu uliila harusini kwa Tatu!

19:01 Shangazi Zuhura: JAMANI MGUU

19:40 Bibi (anaandika Tatu): Mwaka 1968 kaka yenu mkubwa alikataa ziwa siku ya saba. Taya limekaza, mgongo umepinda. Tukasema shetani, tukafukiza ubani mpaka alfajiri. Kumbe ni wembe uliokata kitovu. Hamisi aende.

20:15 Hamisi: Nimesikia Bibi.

20:16 Mjomba Salimu: Shikamoo mama. Gari lipo ila mafuta hayafiki mjini

20:17 Shangazi Zuhura: Nakutumia elfu kumi. Saa moja kamili uwe mlangoni.

20:19 Mjomba Salimu: Tuseme saa tatu

20:22 Athumani: Hamisi beba kadi ya kliniki ya utotoni. Kama chanjo hukumaliza, huenda wakakuongezea sindano ya kingamwili

20:30 Hamisi: Kadi alikuwa nayo marehemu mama

20:31 Shangazi Zuhura: Salimu hela imefika? Salimu?

22:51 Kaka Rajabu: Ndo nashika simu. Mguu wa nani?