Naomba ushauri: mwanangu yuko West Point anacheza mpira, chuo kikubwa kinamtaka. Ahame au abaki?

Dereva wa Houston
Wakuu, salaam. Niko Texas, naendesha malori ya masafa marefu. Kijana wangu wa kwanza, mzaliwa wa huku, anasoma West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani, na anachezea timu yao, Army. Si mpira wetu wa miguu, ni ule wa Kimarekani wa kofia ngumu. Yeye yuko upande wa ulinzi, kazi yake kumwangusha mwenye mpira.

Msimu huu wa 2024 wamefanya makubwa. Ndiyo mara yao ya kwanza kwenye ligi ya vyuo iitwayo American, wameshinda mechi zote nane za ligi, na tarehe 6 Desemba wakawachapa Tulane 35-14 wakiwa nyumbani, Michie Stadium, wakabeba ubingwa. Waliowafunga ni Notre Dame, 49-14, na juzi tarehe 14 watani wao Navy, chuo cha maofisa wa jeshi la majini, 31-13.

Sasa kuna chuo kikubwa kinamtaka, na kuna hela. Dirisha la uhamisho linafungwa tarehe 28 mwezi huu. Mzazi mwenzenu sipati usingizi. Nifanyeje?

Kaka Mbezi
Hela ngapi mkuu? Tuanzie hapo.

Mama Tanga
Mimi nimekwama kwenye neno jeshi. Kaka yangu mkubwa alikwenda vita vya Kagera. Mama alikuwa kila jioni anakaa na redio mapajani, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukohoa mpaka taarifa ya habari iishe. Kaka alirudi salama, alhamdulillahi, lakini mama hakuizoea redio tena mpaka anaingia kaburini. Mtoe mtoto huko, hela au bila hela.

Sajenti Mstaafu
Mama Tanga, nakuheshimu, ila sikubaliani nawe. Mimi jeshi limenifanya mtu. Niliingia sijui kutandika kitanda, nikatoka na ufundi wa magari unaonilisha mpaka leo. Huyo kijana anasomeshwa bure, anapewa na posho, na akimaliza ni luteni mwenye kazi mkononi. Wazazi wangapi wanalia kutafuta hiyo nafasi? Vijana wa siku hizi tatizo lao ni njia ya mkato.

Dereva wa Houston
Kiasi sitakitaja. Ila muelewe: tangu 2021 wachezaji wa vyuo Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina na sura zao. Vyuo vya kijeshi havimo, kwa sababu kadeti anahesabiwa tayari yuko kwenye utumishi wa serikali. Kwa hiyo mwanangu anaumia uwanjani kama wenzake na haambulii kitu. Kanye Udoh, mwenzake wa Army aliyekimbia na mpira zaidi ya yadi 1,000 msimu huu, naye ameamua kuhama. Kwa nini wangu abaki?

Mnyalu wa Maryland
Mkuu, mechi ya Navy nilikuwepo Landover na watoto wangu. Kabla ya mchezo kadeti waliingia uwanjani kwa gwaride, makoti marefu ya kijivu, mstari kwa mstari, mpaka binti yangu mdogo akaacha kula chipsi. Mwisho wa mechi timu zote mbili zilikwenda kusimama mbele ya kadeti wa Army, wimbo wa chuo chao ukaimbwa, ndipo wakavuka kwenda upande wa Navy. Aliyefungwa ndiye anayeimbiwa kwanza. Nilimwona mchezaji mmoja wa Army machozi yanamtoka na mkono uko kifuani, hajatikisika. Sijaona kitu kama kile kwenye mchezo wowote.

Turudi kwenye mada. Kuna jambo kubwa hujaligusa. Kadeti akiondoka ndani ya miaka miwili ya kwanza hadaiwi kitu. Akishaapa mwanzoni mwa mwaka wa tatu, mwezi wa nane, amejifunga: miaka mitano ya utumishi kamili baada ya kuhitimu, na mitatu ya akiba. Mwanao yuko mwaka wa ngapi?

Dereva wa Houston
Aliingia 2022.

Mkaguzi
Hii chai. Aliyeingia 2022 yuko mwaka wa tatu sasa hivi, ameshaapa mwezi wa nane uliopita. Hawezi kuamka tu na kuhama. Halafu nimepitia orodha ya wachezaji wa Army, sijaona jina lolote la kwetu. Mtoa mada amesoma habari mtandaoni akaja kutupotezea muda.

Kaka Mbezi
Kumbe! Na mimi nilishaanza kumpigia mahesabu. Ndiyo maana kiasi hataji.

Sajenti Mstaafu
Kama ni uongo ni aibu. Watu wazima tumeacha shughuli zetu.

Dereva wa Houston
Jamani. Anatumia jina la upande wa mama yake, na simtaji hapa hata mkinitukana. Na 2022 ni kweli: alianza na shule ya maandalizi ya West Point, mwaka mmoja, kama wachezaji wengi wanavyopitishwa. Chuoni kwenyewe ameingia 2023. Yuko mwaka wa pili.

Mnyalu wa Maryland
Hapo kasema kweli. Shule hiyo ipo mle mle West Point. Basi ana mpaka Agosti 2025 kabla ya kiapo.

Mkaguzi
Sawa, la mwaka nimelikubali. La jina nalihifadhi.

Binti Pangani
Nimesoma tangu juu. Baba anaongea, majirani wanaongea. Kijana mwenyewe anasemaje?

Dereva wa Houston
Ana miaka 20, dada yangu. Anajua nini kuhusu maisha?

Binti Pangani
Hujanijibu, kaka.

Dereva wa Houston
Haya. Anataka kubaki. Alinipigia usiku ule baada ya mechi ya Navy, nikadhani atalia, akaniambia mwakani watawarudi. Akasema wenzake anaolala nao chumba kimoja na kuamka nao kabla jua halijatoka hawezi kuwaacha.

Lakini kuna mtu wa kati anayezungumza kwa niaba ya chuo hicho, na nimeshamkubalia. Hela hiyo nimeipangia. Kuna kiwanja Kigamboni, nimeshatoa arubuni. Sioni kosa langu liko wapi. Nimelala ndani ya lori miaka yote hiyo ili yeye apate kocha, viatu na matibabu ya goti. Mzazi hana sauti?

Mama Tanga
Una sauti, baba. Lakini umeuza kuku wa mtu mwingine.

Mkaguzi
Mtu wa kati ndiye anayenitisha. Kwa kanuni za michezo ya vyuo, chuo hakiruhusiwi kumshawishi mchezaji ambaye jina lake halijaingia kwenye orodha ya uhamisho. Huyo anayekupigia simu hana karatasi yoyote, na mwanao akijiandikisha kisha jamaa akazima simu, amepoteza huku na kule. Na haraka ni ya nani? Lipo dirisha jingine, Aprili 16 hadi 25, 2025. Tarehe 28 inamfaa yeye, si wewe.

Mnyalu wa Maryland
Naongezea. Mechi ya mwisho ya Army ilikuwa wacheze na Marshall, mabingwa wa ligi nyingine. Kocha wa Marshall kaondoka, wachezaji wakaomba kuhama kwa wingi, timu ikajitoa kwa kukosa watu. Louisiana Tech ndio wameitwa kujaza nafasi. Huko unakompeleka mtoto, kocha aliyemtaka leo kesho hayupo. Jeff Monken yuko Army tangu 2014.

Na jeshi halifungi mlango wa mpira wa kulipwa. Alejandro Villanueva alitoka West Point, akapigana Afghanistan, baadaye akacheza Pittsburgh Steelers. Roger Staubach wa Navy alitumikia kwanza, Vietnam ikiwemo, ndipo akaenda Dallas Cowboys.

Dereva wa Houston
Hao ni wawili, mkuu. Wangapi wamemaliza utumishi na mwili umeshachoka? Nitakwenda Shreveport tarehe 28 kumwangalia akicheza na Louisiana Tech. Tutaongea ana kwa ana. Lakini arubuni hairudi.

Binti Pangani
Habari ya kiwanja anaijua?

Dereva wa Houston
Hajui.

Binti Pangani
Mwambie kabla hujamwomba chochote. Akiisikia kwa shangazi zake wa Dar, utakuwa umempoteza kwa jambo dogo kuliko mpira.

Kaka Mbezi
Mkuu, hicho kiwanja umeona hati? Shemeji yangu alinunua Kigamboni, siku ya kuchimba msingi wakakutana wanunuzi watatu. Tuma mtu ardhi kesho asubuhi akahakiki namba ya kiwanja kabla hujaongeza hata senti.

Dereva wa Houston
Hati nimetumiwa picha kwa WhatsApp. Nani yuko Dar anisaidie kuihakiki?